Bima ya Wasioanguka Siku Moja

Sheria ya kazi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri amtibu mfanyakazi wake pamoja na mwenzi wake na watoto wao, wakiugua, wakipata ajali au mama akijifungua, muda wote ambao mkataba wa kazi unaendelea. Ni ahadi nzito, na waliopigania iandikwe walistahili shukrani. Lakini ichukue ahadi hiyo uipeleke Mulongo, ukingoni mwa mto Lualaba katika eneo la Malemba-Nkulu, jimbo la Haut-Lomami, kisha uulize inamgusa nani. Walimu na wauguzi walio kwenye orodha ya serikali wana sheria yao tofauti ya watumishi wa umma. Wanabaki wachache wanaofanya kazi katika makanisa, mashirika ya misaada na maduka. Mvuvi, mkulima wa mahindi na muhogo, mama anayenunua samaki wakavu na kuwasafirisha kwa mashua hadi Bukama ili wapandishwe treni ya Kamina, kijana anayebeba magunia kwa baiskeli: hao wote hawana mwajiri, na ahadi ya sheria inapita juu ya vichwa vyao.

Jibu tulilozoea kulisikia ni kwamba ajira zikiongezeka, matibabu yatafuata. Siliamini jibu hilo, na sababu yangu haihusu uchache wa ajira peke yake. Hata kwa yule aliyeajiriwa, kufunga matibabu ya familia nzima kwenye mwajiri mmoja ni ujenzi mbovu, na historia ya Katanga, jimbo la zamani lililojumuisha Haut-Lomami, imeonyesha unavyobomoka. Bima ya afya hufanya kazi pale tu wanaochangia mfuko mmoja wanapokuwa watu ambao hawataanguka siku moja. Jambo hili halieleweki vizuri kwa sababu wengi wetu tunakatwa ada, au tunaombwa ada, bila kuonyeshwa inavyokadiriwa. Kwa hiyo tuanzie hapo.

Tuchukulie kwa mfano kwamba watu 1,000 wameungana, na uzoefu wa hospitali unaonyesha kwamba kila mwaka 50 kati yao hulazwa. Tuchukulie pia kwamba kumtibu mmoja aliyelazwa kunagharimu faranga 200,000. Gharama ya mwaka mzima ni faranga milioni 10, na ikigawanywa kwa wote kila mtu anabeba 10,000. Ongeza robo ya kiasi hicho kwa ajili ya karani, madaftari na akiba ya mwaka mbaya: ada inakuwa 12,500. Hapo hakuna siri. Wale 950 wasiolazwa hawakupoteza fedha zao, maana walichokinunua ni mwaka mzima wa kutouza nyavu, mbuzi au shamba kwa bei ya kutupa usiku ambao mtoto amezidiwa. Sasa punguza kundi liwe la watu 20 wenye ada ileile. Mfuko una faranga 250,000. Kwa wastani atalazwa mtu mmoja, na katika zaidi kidogo ya theluthi ya miaka hatalazwa yeyote, hata wanachama waanze kuuliza fedha zao zinafanya nini. Lakini karibu mwaka mmoja katika kila miaka 13 watalazwa watatu au zaidi, na mfuko wenye 250,000 utadaiwa 600,000. Utavunjika, na ukishavunjika mara moja watu hawarudi. Katika kundi la 1,000, waliolazwa ni nadra kufika 65, na ada niliyoitaja, kabla ya kutoa gharama za karani na madaftari, inatosha wagonjwa 62. Ukubwa wa kundi ndio unaofanya ada iwe ndogo na mfuko uwe imara.

Hesabu hiyo, hata hivyo, ina sharti ambalo halionekani kwenye tarakimu. Inadhani kwamba kila mmoja anaugua kwa sababu zake: huyu ngiri, yule uzazi wa shida, mwingine kuumwa na nyoka. Pakitokea jambo moja linalowaangusha wote kwa pamoja, ukubwa wa kundi hausaidii tena. Hapo ndipo mfumo wa mwajiri unapofichua udhaifu wake.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 iliamua kuwaweka wafanyakazi wake kambini pamoja na wake na watoto badala ya kuwarudisha vijijini kila baada ya mkataba mfupi. Ikajenga hospitali, nyumba za uzazi na shule, ikatoa posho ya unga. Wanaume wengi waliotoka nchi ya Waluba, huku Lomami, waliingia katika kambi zile. Mwaka 1967 kompani ikawa ya taifa, na baadaye ikajulikana kwa jina la Gécamines. Desturi ile ikabaki na hata ikapanuka. Vizazi viwili vilizaliwa, vikatibiwa na kusomeshwa na kompani moja. Nani angelaumu? Matibabu yalikuwa ya kweli. Lakini ule mfuko ulikuwa na mlango mmoja tu wa kuingizia fedha, nao ni bei na uzito wa shaba. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaporomoka, vurugu za kisiasa zikafuata, na mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama tani 30,000. Mishahara ikachelewa kwa miezi na miezi. Dawa zikapungua katika hospitali zilezile wakati mfanyakazi hakuwa na fedha za kununulia kwingine. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia: walipewa malipo ya mkupuo mmoja, na kwa kutia saini wakaachana na mshahara, shule na hospitali. Kamina, mji wa reli, imeonja machungu kama hayo kila kompani ya taifa ya reli, SNCC, iliposhindwa kulipa watu wake. Katika visa vyote viwili walioungana kwenye mfuko walianguka pamoja, kwa sababu moja, na mfuko ukaanguka nao.

Mtu anaweza kusema kwamba yale yalikuwa makosa ya uongozi na siasa, na kwamba kompani inayoendeshwa vizuri haiwezi kufika huko. Uongozi mbaya uliharakisha, nakubali. Lakini hata kompani safi hupunguza watu bei ya madini inaposhuka, na kwa sheria yetu matibabu yanakoma mkataba unapokoma. Mfanyakazi anapoteza kipato na kinga kwa pamoja, mara nyingi akiwa na umri ambao mwili umeanza kudai matengenezo. Tena wapo wanaokoma kutibiwa kwa gharama ya mwajiri kwa sababu ya ugonjwa wenyewe: aliyeugua muda mrefu hadi mkataba ukavunjwa ndiye anayehitaji daktari kuliko wote, naye ndiye wa kwanza kutoka nje ya mlango.

Ipo pia imani kwamba matibabu ya kazini ni zawadi ya bwana. Sivyo. Kompani inapopanga gharama ya kumwajiri mtu huandika mstari mmoja baada ya mwingine: mshahara, nyumba, usafiri, posho ya watoto, matibabu. Jumla ndiyo inayoihusu, na kinachowekwa kwenye mstari wa matibabu hakiwekwi kwenye mshahara. Mfanyakazi analipa ada yake kwa jasho kabla hajaiona. Na kwa kuwa mstari huo unakua kadiri familia inavyokua, mwajiri anashawishika kumkwepa mwenye watoto wengi, kuajiri kwa siku, au kupitia kompani ya kati. Mashirika ya kutetea haki ya RAID na CAJJ yalipochunguza migodi mitano mikubwa ya jimbo la Lualaba, na kutoa ripoti mwaka 2021, yalikuta zaidi ya nusu ya wafanyakazi wameajiriwa kupitia kompani za kati, na wengi walilalamikia matibabu duni au kutokuwepo kabisa. Sheria iliyokusudia kumlinda mfanyakazi imempa mwajiri sababu ya kutomwita mfanyakazi wake.

Wengi hudhani kwamba makato ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, yanafunika pengo hili. Hayafuniki. Katika kila faranga 100 za mshahara wa mfanyakazi, mfuko huo wa taifa hupokea 18: mwajiri 13, mfanyakazi 5. Kati ya hizo 18, 10 ni za pensheni, 6.5 za posho za familia, na 1.5 za ajali na magonjwa yatokanayo na kazi. Malaria, shinikizo la damu na uzazi wa kisu havimo. Mfanyakazi mwenye karatasi zake zote za CNSS bado anamtegemea mwajiri siku ya homa ya kawaida.

Katika miaka ya karibuni waajiri wenye uwezo wameanza kununua bima kwa ajili ya wafanyakazi. SONAS, iliyokuwa kompani pekee ya bima tangu 1966, ilipoteza upekee huo kwa sheria ya mwaka 2015, na kompani binafsi zikaanza kupewa vibali mwaka 2019 chini ya ARCA, mamlaka inayosimamia bima. Ni hatua nzuri kuliko mwajiri kubeba mzigo peke yake, kwa sababu kompani ya bima inachanganya watu wa sehemu nyingi. Ila asidhani mtu kwamba mchanganyiko huo umekamilika. Ada ya kundi la waajiriwa hukadiriwa upya kila mwaka kwa kutazama kundi hilohilo limetumia kiasi gani mwaka uliopita. Duka lenye watu 15 ambalo mmoja wao ameanza kusafishwa damu kwa ugonjwa wa figo litaletewa ada mpya iliyopanda sana, na mwenye duka atajua kabisa ni nani aliyeipandisha. Anayeambiwa kazini kwamba ana bima na aulize mambo ambayo hayaandikwi kwenye kadi: kikomo cha malipo kwa mwaka ni kiasi gani, watoto wangapi wamehesabiwa, ugonjwa aliokuwa nao kabla ya kuajiriwa unatibiwa au la, hospitali ipi inaikubali kadi hiyo nje ya Lubumbashi, na kinga inaisha siku gani baada ya mkataba kuisha. Mwenye kadi isiyopokewa popote kati ya Kamina na Malemba-Nkulu hana kinga huku, hata kama ada yake imelipwa.

Turudi basi Mulongo, ambako hakuna mstari wa matibabu kwenye karatasi ya mshahara kwa sababu hakuna karatasi ya mshahara. Je, watu waungane wenyewe kwa wenyewe? Sheria ya mituweli, yaani vyama vya kusaidiana, ya tarehe 8 Februari 2017 inawaruhusu, na Kongo ina mfano wake wa kujivunia. Mwaka 1986 huko Bwamanda, kaskazini-magharibi, katika jimbo ambalo leo ni Sud-Ubangi, hospitali ilianzisha bima ya kulazwa kwa wakulima wasio na mwajiri. Mambo matatu yaliibeba. Ada ilikusanywa mara moja kwa mwaka, wakati wakulima wamekwisha kuuza mazao na fedha iko mkononi. Familia iliingia yote au haikuingia kabisa, ili mtu asimwandikishe bibi mgonjwa peke yake na kuwaacha wenye afya nje. Na bima ilibeba kulazwa tu, yaani lile tukio la nadra na zito, ikamwachia mwanachama asilimia 20 ya gharama. Homa ndogondogo zikabaki za kila mtu na kituo chake cha afya. Mwaka wa kwanza iliandikisha kiasi cha robo ya watu wa eneo lile, na baadaye wakazidi nusu, tena katika nchi ambayo fedha yake ilikuwa ikiyeyuka. Anayesema mkulima maskini hawezi kuelewa bima, au hatalipa kwa ajili ya ugonjwa ambao haujamfika, ajibiwe kwa Bwamanda.

Somo la majira ndilo ninalolithamini zaidi. Mshahara unakuja kila mwezi, hivyo ada ya mwajiriwa ni ya kila mwezi, na watunga sera mara nyingi hunakili kalenda hiyo bila kufikiri. Kenya ilipobadili mfumo wake wa bima ya afya tarehe 1 Oktoba 2024, mwenye mshahara alianza kukatwa asilimia 2.75 kila mwezi bila kuhisi kwamba ametoa fedha mfukoni. Asiye na mshahara akatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, bila kujali mwezi huo ana kitu au hana, na baadaye serikali ikalazimika kubuni njia ya kumkopesha ada. Mulongo ina kalenda yake. Kuna miezi ya mahindi, kuna miezi ambayo samaki ni wengi na mashua zimejaa, na kuna miezi ambayo uvuvi hufungwa ili samaki wazae. Kumdai mvuvi ada wakati nyavu zimekatazwa majini ni kumfukuza. Kumwomba wiki anayouza ni kumsaidia aweke kando kile ambacho angekitaka miezi miwili baadaye.

Lakini Bwamanda ina mipaka, na hapa mpaka mmoja unauma zaidi. Ilionekana kwamba wanachama walioishi karibu na hospitali waliitumia bima kuliko walioishi mbali, ingawa ada ilikuwa moja. Kwenye bonde la Upemba, la mto huohuo wa Lualaba, umbali unapimwa kwa saa za mtumbwi. Familia ya kisiwani ikilipa sawa na familia inayoishi kando ya hospitali kuu ya Mulongo, maskini wa mbali anamlipia jirani wa karibu. Ada ya haki ama iwe ndogo kwa walio mbali, ama, na hili ndilo ningelichagua, ilipie mashua ya mgonjwa.

Mpaka wa pili ni ule wa kuanguka siku moja. Bonde hili ni mojawapo ya makao ya kudumu ya kipindupindu nchini. Mto ukifurika, unaingia vyooni na visimani, unabeba mashamba na kuharibu samaki waliokaushwa, na wiki hizohizo wodi zinajaa. Familia 5,000 za bondeni zinaweza kuonekana kundi kubwa, na bado zikawa kama mtu mmoja mbele ya maji. Kuna atakayesema kwamba serikali na mashirika hutibu kipindupindu bila malipo wakati wa mlipuko. Mara nyingi ndivyo, lakini mafuriko yaliyoleta kipindupindu yameleta pia malaria na utapiamlo, na yamechukua mazao ambayo yangelipa ada ya mwaka unaofuata. Mituweli ya Mulongo peke yake ingevunjika kwa namna ileile Gécamines ilivyovunjika, maji yakichukua nafasi ya shaba. Kwa hiyo mfuko wa bondeni lazima ufungamane na watu wa Kamina, wa Lubumbashi na wa Kolwezi, ambao mafuriko ya Lualaba hayawafikii, nao wafungamane na bonde ambalo halianguki bei ya shaba inapoanguka. Mchimba kobalti na mvuvi wa Upemba ni wenza wazuri wa bima kwa sababu hiyohiyo: mikosi yao haina kalenda moja.

Waajiri watapinga. Watasema tayari wanatibu watu wao vizuri, kwa nini wachangie wavuvi. Rwanda inatoa mfano. Mituweli zake zilianza kwa majaribio mwaka 1999, zikafanywa za lazima, na mwaka 2015 zikakabidhiwa kwa mfuko wa hifadhi ya jamii wa taifa. Kuanzia mwaka 2020 mwenye mshahara hukatwa nusu asilimia ya mshahara wake wa mkononi kuchangia mituweli za wasio na mshahara. Nusu asilimia si mzigo wa kuua kompani. Na mfanyakazi anayekatwa leo anajua kwamba akipunguzwa kazi kesho kuna mfuko ambao tayari alikuwa akiujaza, badala ya kuanza kubisha hodi kama mgeni. Ningependa sheria ya kazi ya Kongo imwache mwajiri aendelee na zahanati yake, lakini sehemu ya wajibu wake igeuzwe kuwa mchango kwenye mfuko wa pamoja unaomfuata mtu aendako.

Wengine watasema tuna likelemba, ule mchango wa kupeana kwa zamu, na tuna ukoo, hatuhitaji karani. Likelemba ni chombo kizuri kwa bati la nyumba na ada ya shule, kwa kuwa zamu yake inajulikana. Ugonjwa hauna zamu. Ukoo nao hutoa kwa moyo, ila ndugu wa Mulongo wengi wako Mulongo, na maji yakija yanamkuta mtoaji na mpokeaji juu ya paa moja. Wapo pia wanaouliza kwa nini tulipe wakati serikali ilizindua uzazi bila malipo Kinshasa mwezi Septemba 2023 na kuanza kuupeleka majimboni. Ule nao ni bima, na ada yake ni kodi; ni aina bora ya bima kwa sababu inachanganya nchi nzima. Mpango huo unasimama au unaanguka kwa jambo moja: hospitali kurudishiwa fedha zake kwa wakati. Pasipo hivyo mama ataambiwa ni bure, kisha ataandikiwa glavu, maji ya dripu na nyembe za kununua sokoni.

Pingamizi zito kuliko yote ni la uaminifu, na halijibiki kwa maneno matamu. Watu wa Haut-Lomami wameona fedha za umma zikipotea, na wamezoea kuombwa michango isiyorudi na maelezo. Wana haki ya kukataa ada hadi waonyeshwe mambo kadhaa: akaunti inayotenganishwa na ile ya hospitali, daftari la mapato na malipo linalobandikwa ukutani kila robo mwaka, kamati waliyoichagua na wanayoweza kuiondoa, na ankara ya hospitali inayolipwa na mfuko moja kwa moja bila fedha kupitia mkononi mwa mtu. Bwamanda ilianza ikiwa na hospitali ambayo watu walikuwa tayari wanaiamini kwa dawa zake na wauguzi wake. Mpangilio huo hauwezi kugeuzwa. Dawa ziwe rafuni kwanza, muuguzi awe amelipwa, ndipo karani apite sokoni wiki ya mahindi. Na kabla hajaandika jina la kwanza, mkataba kati ya mfuko wa Mulongo na mfuko wa jimbo uwe umekwisha kutiwa saini, ukieleza kwa faranga ni kiasi gani kitatoka Kamina mwaka ambao Lualaba itafurika.